Umeme ukikatika Dar: ununue nini kwanza, na nini usiguse kabisa

Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuzalisha umeme mwaka 2024, na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Mgao wa ratiba umepungua, lakini bwawa halizuii tawi la mwembe kuangukia waya wala transfoma ya mtaa kuungua usiku wa mvua. Kwa hiyo swali la akiba ya umeme nyumbani bado lipo. Jibu letu kwa nyumba nyingi za Dar, iwe Tabata, Mbagala au Mbezi, ni hili: nunua mahali pa kuhifadhia umeme kabla ya kununua mtambo wa kuuzalisha. LUKU ikiwa na yuniti, TANESCO inakuchajia betri kwa bei ambayo petroli haiifikii hata kwa mbali.

Kabla ya kwenda Kariakoo, piga hesabu

Chukua karatasi. Andika kila kifaa, wati zake na saa utakazokitumia umeme ukiwa haupo. Mfano wa nyumba ya kawaida: taa 4 za LED za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 180. Feni ya wati 50 kwa saa 8 ni 400. Tivii ya inchi 32 pamoja na king'amuzi, wati 65 kwa saa 3, ni 195. Ruta ya wati 10 kwa saa 8 ni 80. Simu nne, 60. Jumla 915. Ongeza asilimia 20 zinazopotelea kwenye inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, unapata karibu wati-saa 1,100. Namba hiyo ndiyo unayokwenda nayo dukani. Asiye nayo huuziwa kilichopo.

Pasi, birika na hita ya maji usiviandike. Kimoja tu kati ya hivyo kinakula wati 1,000 hadi 2,000, na betri itaisha kabla chai haijaiva. Friji nayo ifikirie mara mbili. Ukiifunga na kuiacha imefungwa, inashika ubaridi kwa saa 4 hivi bila umeme. Friza iliyojaa inakaa zaidi ya hapo, ingawa kwa joto letu usiipe siku mbili zinazoandikwa kwenye vitabu. Kwa umeme unaokatika jioni na kurudi saa nne usiku, fedha ya kulisha friji ni afadhali uiweke kwenye betri ya feni.

Nafasi ya kwanza: inveta ya wati 1,000 na betri ya lithiamu ya Ah 100

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, volti 12.8 na Ah 100 (ampia-saa; ukizizidisha kwa volti unapata wati-saa), ina wati-saa 1,280. Unaweza kutumia asilimia 90 bila kuiumiza, yaani karibu 1,150. Ile nyumba ya mfano inatosha humo. Betri ya risasi, iwe ya jeli au ya maji, yenye Ah zilezile 100 inakupa nusu tu, kama 600, kwa sababu kila unapoishusha chini ya hapo unaikata maisha.

Hapa ndipo watu wengi wanapodanganywa na bei. Usilinganishe bei ya betri kwa betri. Chukua wati-saa zinazotumika, zidisha kwa idadi ya mizunguko ya kuchaji na kutumia, kisha gawa bei kwa jibu hilo. Betri ya risasi yenye mizunguko 500 hivi itakupa kilowati-saa 300 maishani mwake. Ya lithiamu yenye mizunguko 3,000 itakupa zaidi ya 3,400. Hata ikiuzwa mara tatu, bado ndiyo rahisi. Na Dar ina kisa chake: betri ya risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 za joto juu ya 25. Chumba cha Dar cha mwezi Februari kinafika 32 bila shida, na chini ya bati ni zaidi.

Dukani, usiulize tu, "Kaka, inveta ya wati elfu moja bei gani?" Uliza wati zake za kudumu ni ngapi. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mara nyingi ni ya kilele cha sekunde chache, au ni VA 1,000 ambazo kwa wati ni 600 hadi 800. Taka ile wanayoiita pyua saini, yenye mawimbi laini kama ya umeme wa TANESCO. Zile za modifaidi, zenye mawimbi ya ngazi-ngazi, ni rahisi, ila feni inavuma, mota inapata moto na baadhi ya chaja zinakufa. Taka yenye chaja ndani, ampia 20, na yenye mpangilio wa lithiamu: volti 14.4 za kuchajia. Kwa ampia 20, betri ya Ah 100 inajaa kwa saa 5 hivi. Kwa ampia 10 ni usiku mzima, na umeme ukikatika mara mbili kwa siku hutaipata ikiwa imejaa.

Betri ipime kwa mizani, usione aibu. Betri ya jeli ya kweli ya Ah 100 ina kilo 28 hadi 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja ukatembea nayo, ndani risasi haitoshi, hata kama lebo inang'aa. Ya lithiamu ina kilo 10 hadi 12.

Nyaya ndizo zinazochoma nyumba. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta karibu ampia 90. Waya mwembamba unaokuja ndani ya boksi usiuamini. Nunua wa shaba wa milimita za mraba 25, usiozidi mita 1, na fyuzi ya ampia 125 karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Kaza nati. Baada ya saa moja ya kutumia, gusa plastiki ya waya karibu na kila ncha kwa kidole: ikiwa moto kuliko sehemu nyingine ya waya, kiungo kimelegea, na kilicholegea huyeyuka. Zima, kaza tena, na rudia baada ya wiki.

Aliyepanga hahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Inveta inachomekwa kwenye soketi, vifaa vinachomekwa kwenye ekstensheni ya inveta, na siku ya kuhama unaondoka navyo.

Nafasi ya pili: hiyohiyo, na sola juu yake

Hii ni ya mwenye paa lake. Kujaza wati-saa 1,100 kwa siku unahitaji paneli ya wati 300 hivi, ukihesabu saa 5 za jua kali na hasara ya robo. Masika haifiki huko. Paneli za wati 450 zipo nyingi sokoni, na hapo pana mtego: zina volti 40 na ushee. Ukiifunga na kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli kuingia kwenye betri) ya aina ya PWM, paneli inaburutwa hadi volti za betri, na ampia zake 11 mara volti 13.5 ni wati 150 tu. Theluthi mbili umezimwaga. Taka kontrola ya MPPT ya ampia 40, inayogeuza volti za ziada kuwa ampia.

Dar iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli itazame kaskazini kwa mwinamo wa digrii 10 hadi 15, vumbi lioshwe na mvua. Kigamboni na Msasani, boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Kivuli cha mnazi kwenye kona ya paneli moja hupunguza umeme wa paneli zote zilizofungwa mfululizo.

Nafasi ya tatu: taa za kuchaji, pawabenki na feni ya kuchaji

Kwa chumba kimoja hii inatosha, na ni heri kuliko mshumaa au kibatari. Feni ya kuchaji ya volti 12 inakula wati 15 hadi 25 tu. Ongeza kijibetri cha ruta, chenye volti zilezile zilizoandikwa kwenye adapta yake. Ruta ya volti 12 ikipewa 9 haiwaki.

Nafasi ya nne: jenereta

Inafaa kwa bucha, saluni, au nyumba yenye pampu na friza kubwa. Kwa taa na feni ni hasara: jenereta ya petroli ya kVA 2.5 inakunywa karibu lita 1 kwa saa ikibeba nusu ya uwezo wake, na ukiilisha taa tu haipunguzi sana, maana injini lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika ileile ili itoe hezi 50. Iwashe kila mwezi ikiwa na mzigo. Ukiiweka muda mrefu, funga koki ya mafuta uiache izime yenyewe, la sivyo petroli inaganda kwenye kabureta.

Mambo mawili hayana mjadala. Isikae ndani, wala kibarazani chini ya dirisha: moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua watu usingizini. Iweke mita 6 au zaidi kutoka kwenye madirisha. Pili, usitumie waya wa plagi mbili kuingiza umeme kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo unapanda hadi nguzoni na unamkuta fundi wa TANESCO akiwa ameshika waya. Fundi umeme afunge swichi ya chenji-ova, inayoitenga nyumba na waya wa TANESCO kabla ya kuiunganisha na jenereta.

Usinunue: inveta na betri ya gari

Betri ya gari ina sahani nyembamba za kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiishusha kila usiku, sahani zinaharibika ndani ya miezi michache. Na ya mtumba, iliyokwisha choka kwenye gari, haifai hata kwa bei ya kutupa.

Joto la jikoni

Dar hatupashi nyumba joto. Shida ni jiko. Nyumba inayopikia jiko la umeme iwe na mtungi wa gesi wa kilo 6 wa akiba, ule wenye jiko la kufunga juu yake. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, hata mvua ikinyesha. Sumu yake ni ileile ya jenereta. Unaponunua gesi, pima mtungi dukani: uzito wa mtungi mtupu umechapwa juu yake, na mizani isome huo pamoja na kilo 6. Ukifika nyumbani, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo kabla ya kuwasha. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja: funga valvu na utoe mtungi nje, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na inatuama sakafuni.