Kaunti ya Harney, Oregon: Kaunta Nzuri, Funguo Ziko Kwingine

Kaunti ya Harney, kusini-mashariki mwa jimbo la Oregon, inakaribiana na Rwanda kwa ukubwa. Sensa ya 2020 ilikuta humo watu 7,495. Zaidi ya nusu yao wako Burns, ambako ndiko makao makuu, na Hines, mji uliogusana nao. Waliobaki wametawanyika kwenye ranchi na vijiji vya kituo kimoja cha mafuta. Fields, kwa mfano, iko maili 112 kusini mwa Burns. Mkazi wa Fields akitaka kuonana na karani wa kaunti uso kwa uso, anakula maili hizo kwenda na nyingine kama hizo kurudi.

Hapa tunaipima serikali ya kaunti kama huduma yoyote ya kulipia: unapata nini, unalipa nini, inakwama wapi. Kwa kifupi, jambo linaloweza kumalizikia kaunta linamalizika bila usumbufu mkubwa, mradi uzijue tarehe. Jambo linalohusu ardhi, maji au sheria za jimbo haliishii pale, na siasa za Harney, pamoja na ukali wake, zimeota kwenye pengo hilo.

Tuanze na kodi, kwa kuwa ndiyo bei ya huduma yenyewe. Oregon haina kodi ya mauzo, hivyo kodi ya ardhi na majengo inabeba mzigo mzito. Hati ya kodi hutumwa kabla ya tarehe 25 Oktoba na malipo ya kwanza ni tarehe 15 Novemba. Ukilipa yote siku hiyo unapunguziwa 3%. Ukilipa theluthi mbili unapunguziwa 2% ya ulicholipa, na theluthi ya mwisho inasubiri hadi 15 Mei. Ukilipa theluthi moja moja (Novemba, Februari, Mei) hupunguziwi kitu. Chukua hati ya dola 1,500: ukimaliza yote Novemba unatoa 1,455; ukilipa theluthi mbili unatoa 980, kisha 500 Mei. Ukichelewa, riba ni 16% kwa mwaka, nayo huhesabiwa mwezi kwa mwezi. Miaka mitatu ya deni inatosha kuanzisha kesi ya kuinyakua mali.

Watu wengi hulikosea swali la thamani. Hati ina namba mbili: thamani ya soko na thamani ya kutozwa kodi. Tangu marekebisho ya katiba ya jimbo ya 1997, yanayojulikana kama Measure 50, thamani ya kutozwa haipandi zaidi ya 3% kwa mwaka, isipokuwa umejenga au umegawa kiwanja. Ndiyo maana mara nyingi iko chini sana ya bei ya soko. Mwenye nyumba anaona thamani ya soko imeruka, anapandwa na hasira, anakata rufaa, anashinda, kisha anakuta anadaiwa kiasi kilekile. Kabla ya kupeleka rufaa kwa karani (mwisho ni 31 Desemba), angalia namba ya pili. Ikiwa thamani ya soko unayoidai bado iko juu yake, tumia jioni yako kwa kazi nyingine.

Kura ndiyo huduma bora kuliko zote hapa, na kwa kaunti yenye umbali huu ni kama iliundwa kwa ajili yake. Wapiga kura wa Oregon waliamua mwaka 1998 kwamba chaguzi zote zifanyike kwa posta. Karatasi hutumwa kati ya siku ya 20 na ya 14 kabla ya uchaguzi, na mwisho wa kujiandikisha ni siku 21 kabla. Tangu 2020 bahasha ya kurudishia haihitaji stempu. Sanduku rasmi la kura hupokea hadi saa 2 usiku siku ya uchaguzi.

Mambo huharibika kwenye bahasha. Saini iliyo nyuma yake hulinganishwa na ile iliyo kwenye kumbukumbu za usajili, na matatizo ni yaleyale kila mara: hakuna saini, mume ametia saini bahasha ya mke, au saini ya miaka ishirini iliyopita haifanani tena na ya leo, hasa kwa wazee na wenye mikono iliyochoshwa na kazi. Kura haitupwi papo hapo. Karani anakuandikia barua na una hadi siku ya 21 baada ya uchaguzi kurekebisha. Barua ikienda kwenye anwani uliyohama, basi. Na karatasi ya kura yenyewe haifuatilii anwani mpya kama barua za kawaida, hurudi ofisini. Aliyehamia ranchi nyingine ndani ya kaunti hiyohiyo naye lazima abadilishe anwani yake ya usajili.

Kuna mtego mwingine. Tangu 2022, kura yenye muhuri wa posta wa siku ya uchaguzi huhesabiwa hata ikifika hadi siku saba baadaye. Inasikika vizuri. Lakini muhuri mara nyingi hupigwa kwenye kituo kikubwa cha kuchambulia barua, nje ya kaunti, na unaweza kubeba tarehe ya kesho yake. Kwa mtu wa Frenchglen au Crane, ama atume wiki moja kabla, ama aende kwenye kaunta ya posta aombe muhuri upigwe kwa mkono mbele yake.

Kura za mchujo zina kanuni yake. Asiyejiandikisha na chama hapati karatasi ya Republican wala ya Democrat. Tangu 2016, anayeshughulikia leseni ya udereva husajiliwa moja kwa moja kama mpiga kura, na asiporudisha kadi ya kuchagua chama anabaki bila chama. Harney ilimpa Trump zaidi ya robo tatu ya kura mwaka 2020, kwa hiyo kinyang'anyiro cha maana mara nyingi kiko ndani ya Republican, mwezi Mei. Asiye na chama anafika Novemba akiambiwa achague jambo ambalo wenzake wamekwisha kulimaliza.

Sasa chombo chenyewe. Wenye madaraka Harney wanaitwa County Court, jina la zamani linalowachanganya wageni: jaji mmoja wa kaunti na makamishna wawili, wote wa kuchaguliwa, wakiendesha bajeti, barabara na mipango ya ardhi. Ukiwa na kesi ya kawaida, jinai au madai, unakwenda mahakama ya jimbo ya wilaya ya 24, ambayo Harney inaitumia pamoja na kaunti ya Grant. Vikao vya County Court ni vya wazi, na sheria ya jimbo ya 2021 inataka wananchi wapewe njia ya kushiriki kwa mbali inapowezekana. Kwa mtu wa Fields hilo peke yake ni siku nzima ya kazi iliyookolewa.

Ukisikiliza vikao hivyo kwa muda utaona wanachojadili kwa uchungu zaidi ndicho wasichokuwa na mamlaka nacho. Takriban robo tatu ya ardhi ya kaunti ni mali ya serikali ya shirikisho. Sehemu kubwa iko chini ya BLM, idara ya shirikisho ya ardhi za umma, ambayo ofisi yake iko Hines. Msitu wa Malheur uko chini ya idara ya misitu. Na hifadhi ya ndege ya Malheur, iliyotangazwa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1908, ina wenyewe wengine. Mfugaji anaweza kumiliki malisho ya majira ya baridi tu, na ng'ombe wake wakategemea kibali cha shirikisho kiangazi chote. Ada si kubwa: kuanzia 2019 hadi 2025 ilikuwa dola 1.35 kwa malisho ya mwezi mmoja ya ng'ombe na ndama wake. Kinachowaumiza ni masharti. Tarehe za kuingiza mifugo, miaka ya kupumzisha ardhi baada ya moto, uzio na maji, vyote huamuliwa na ofisi ambayo mkuu wake hapigiwi kura na yeyote.

Ardhi ya shirikisho hailipi kodi ya kaunti. Kuna fidia kwa sheria ya 1976, lakini kanuni yake ina kikomo kinachofuata idadi ya watu, kwa hiyo kaunti yenye ardhi tele na watu wachache hailipwi kwa ekari zake zote. Fedha za misitu za sheria ya 2000 nazo hutegemea Congress, bunge la taifa, ikumbuke kuziongezea muda. Anayelalamika kwamba barabara ya changarawe haijasawazishwa asisahau hesabu hiyo.

Kwa anayenunua ardhi, na matangazo ya ekari za bei poa za Harney yamejaa mtandaoni, huduma ya kuitumia kabla ya kutoa senti ni ofisi ya mipango ya kaunti. Chini ya sheria za ardhi za Oregon, zilizoanza 1973, eneo la malisho kwa kawaida haligawanywi chini ya ekari 160 na la kilimo chini ya 80. Kiwanja kidogo kilichokatwa zamani kinaweza kuuzwa kihalali na bado kikakosa ruhusa ya nyumba. Uliza kwa maandishi, ukitaja namba ya kiwanja iliyo kwenye daftari la mthamini wa kaunti, na taka jibu la maandishi. Neno la dalali si kibali.

Maji ni kitu kingine, na yako kwa jimbo. Kisima cha matumizi ya nyumbani hakihitaji kibali hadi galoni 15,000 kwa siku. Cha kumwagilia mashamba ya alfalfa, majani ya kulishia mifugo, kinahitaji, na tangu 2016 jimbo limebana vibali vipya katika bonde la Harney. Utafiti wa pamoja wa jimbo na wanajiolojia wa shirikisho, uliotoka 2022, ulionyesha kwamba maji yanayovutwa yanazidi yanayorudi ardhini. Ukinunua shamba lenye haki ya maji, angalia tarehe ya haki hiyo: anayepunguziwa kwanza ni aliyekuja mwisho. Muulize msimamizi wa maji wa jimbo, si kaunti.

Dunia iliijua Harney Januari 2016, watu wenye silaha, wengi wao kutoka nje, walipoiteka ofisi ya hifadhi ya Malheur kwa siku 41, kisingizio kikiwa kifungo cha wafugaji wawili wa huko, Dwight na Steven Hammond, ambao Rais Trump aliwasamehe mwaka 2018. Wengi huisimulia kana kwamba kaunti nzima ilikuwa upande wa wavamizi. Siyo. Sherifu Dave Ward aliwataka waondoke, na jaji wa kaunti Steve Grasty akakataa kuwapa ukumbi wa maonyesho wa kaunti kwa mkutano wao. Miaka mitatu kabla, wafugaji, wahifadhi na kabila la Burns Paiute, ambao ardhi hiyo ilikuwa yao kabla ya wote, walikuwa wameketi pamoja wakaafikiana mpango wa hifadhi hiyohiyo. Malalamiko juu ya shirikisho ni ya kweli na ya siku nyingi, ila kuyakubali hakukumaanisha kukubali bunduki.

Waliomchukia Grasty walikusanya saini za kumng'oa. Katiba ya Oregon inataka saini 15% ya kura zilizopigwa za ugavana katika eneo husika, na katika kaunti ya watu wachache hiyo ni kazi ya wiki kadhaa sokoni na kwenye mnada wa ng'ombe. Kura ikapigwa Juni 2016, wapiga kura wakamwacha amalize muhula. Njia hiyo ni nyepesi kuianzisha kuliko kuishinda.

Novemba 2021 wapiga kura wa Harney waliunga mkono, kwa wingi wa wazi, hoja ya kuisukuma kaunti ihamie jimbo jirani la Idaho. Kilichopatikana ni wajibu wa County Court kuijadili. Mpaka wenyewe hauhami bila mabunge ya majimbo yote mawili na Congress. Sheria ya bunduki ya Measure 114, iliyopitishwa na jimbo zima 2022, ilizuiwa na jaji wa mahakama ya Burns, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ya jimbo ikaipindua hukumu yake.

Kuhusu ulinzi hatuna mengi: magari machache ya sherifu kwenye eneo kama hili yana maana moja, msaada wa kwanza ni jirani. Moto wa nyikani hali ni hiyohiyo, vikundi vya wafugaji wa kujitolea mara nyingi ndivyo vinavyofika mwanzo. Shule ya sekondari ya Crane, ya umma, ina bweni kwa watoto wa ranchi za mbali, mpango ambao kaunti nyingi za Marekani hazina.

Nyaraka za umma ziombe kwa maandishi. Ofisi ina siku 5 za kazi kukiri imepokea, na 10 zaidi kukujibu. Gharama ikizidi dola 25 lazima wakuambie kwanza. Ombi pana, la aina ya "barua pepe zote kuhusu malisho", litakurudia na makadirio ya kukutisha. Taja miezi miwili, majina ya maofisa na somo moja. Ukinyimwa, unakata rufaa kwa mwendesha mashtaka wa wilaya, naye huchaguliwa na wapiga kura haohao wa Harney.