Miss Marple katika The Murder at the Vicarage: uzoefu wangu

Nimesoma riwaya nyingi za upelelezi, na nyingi hunitoka akilini mara tu muuaji anapojulikana. The Murder at the Vicarage ya Agatha Christie, iliyotoka mwaka 1930, naisoma tena huku nikimjua muuaji, na bado hainichoshi, kwa kuwa watu waliomo wananivutia kuliko fumbo lenyewe.

Mambo yanatokea St Mary Mead, kijiji cha kubuni cha Uingereza, na msimulizi ni kasisi wa hapo, Leonard Clement. Kanali Protheroe, mzee wa kanisa na hakimu anayechukiwa na karibu kila mtu, anakutwa amepigwa risasi kichwani kwenye meza ya kuandikia ya kasisi. Mapema katika kitabu, kasisi huyu mpole, akiwa anakata nyama ngumu wakati wa chakula cha mchana, anaponyokwa na kauli kwamba atakayemuua Kanali atakuwa ameutendea ulimwengu hisani. Sentensi hiyo moja ilinitosha kumfahamu marehemu.

Anayefumbua fumbo ni jirani, Miss Marple, bibi mwenye mvi ambaye hakuolewa, mpenzi wa bustani na wa kutazama ndege kwa darubini, ingawa darubini hiyo huwaona na wapita njia. Hii ndiyo riwaya yake ya kwanza, na Christie hakumpamba hata kidogo: Griselda, mke wa kasisi, anamhesabu kuwa msengenyaji mbaya kupita wote kijijini. Sisi tuliokuzwa na Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla tumekwisha kumzoea mpelelezi asiye askari, lakini Bwana Msa na kiko chake anasikilizwa anaponena, ilhali huyu bibi inambidi kwanza avumilie kupuuzwa.

Kilichonishika zaidi ni namna anavyofikiri. Kila mtuhumiwa humkumbusha mtu fulani aliyewahi kumjua, pengine mtumishi au mwenye duka, na kutokana na kosa dogo la yule wa zamani anakisia kosa kubwa la huyu wa sasa. Anasema waziwazi kwamba anaweza kuwafikiria watu wasiopungua saba ambao wangefurahi Kanali akiondoka duniani. Mkabala naye yuko Inspekta Slack, mwenye bidii na kiburi, ambaye anamkatiza kasisi anapotaka kumweleza kwamba saa ya mezani huwekwa mbele kwa robo saa ili asichelewe. Tazama jinsi Christie anavyofanya kazi: tabia ya askari kutosikiliza inageuka kuwa sehemu ya fumbo, na msomaji asiyemchunguza Slack kama mtu hataelewa kwa nini upelelezi unapotea njia mapema hivyo.

Zipo dosari. Sura za mwanzo zinaleta mabibi wengi kwa wakati mmoja, hata nikalazimika kurudi nyuma kuwatenganisha, na maelezo ya mwisho yanamiminwa kwa mfululizo mrefu, utadhani mwandishi ana haraka ya kufunga. Aidha, Mary, mtumishi wa nyumba ya kasisi, anachekwa kwa mapishi yake mabaya kuliko anavyopewa nafasi ya kuwa mtu kamili, jambo ambalo liliniumiza katika kitabu kinachowajali watu kiasi hiki.

Kiingereza chake ni chepesi, mazungumzo ni mengi, na damu haipo kwa wingi, kwa hiyo nampendekezea hata msomaji kijana. Ila ningemshauri akisome kabla ya The Body in the Library ya mwaka 1942, kwa sababu humo Miss Marple anaitwa akiwa tayari ana sifa ya kufumbua mauaji, na raha ya kumwona akijipatia sifa hiyo mbele ya watu wasiomtarajia inapatikana katika kitabu hiki tu.