Monstera au pothosi kwa nyumba zetu za baridi Mbeya?

Wadau wa Uyole wananiuliza sana waweke ipi sebuleni kati ya mimea hii miwili ya ndani, mimi ninazo zote na nazipenda kweli, ila kwa anayeanza nasema pothosi. Zote kwao zinapanda miti, monstera kuanzia kusini mwa Meksiko mpaka Panama, pothosi kisiwa cha Mo'orea kule Polinesia, yaani ni mimea ya joto na huku kwetu Juni na Julai usiku unaweza kushuka chini ya digrii 10, hapo ndo kazi ilipo.

Pothosi ikipigwa baridi kwanza inagoma kukua. Monstera yangu mwaka jana niliisahau dirishani, asubuhi nakuta lile jani changa lililokuwa bado limejikunja limekuwa jeusi kwenye ncha, laini kama mchicha uliochemshwa, niliumia jamani! Sasa hivi zote nazisogeza mbali na kioo ikifika jioni, na maji simwagi mpaka nichomeke kidole nikute udongo umekauka, maana udongo baridi ukiloa muda mrefu mizizi inaoza.

Kuzalisha ni rahisi, kata chini ya pingili (kile kifundo cha shina jani linapotokea) weka kwenye glasi ya maji, jani tupu bila pingili halitoi mche.

Ila kwa uzuri monstera haina mpinzani, ipe mti wa kupandia na mwanga wa kutosha uone majani yanavyopanuka na kutoboka. Zote zinawasha mdomo zikitafunwa, watoto na paka wakae mbali.