Mwongozo wa Kununua: Ujaze Nini Ndani ya Sanduku la Subwufa Unalojitengenezea

Fundi anayejitengenezea sanduku la subwufa jijini Nairobi kwa kawaida huwa amekwisha kununua spika Luthuli Avenue, amekatiwa plaiwudi Gikomba, na amenunua gundi na skrubu kabla ya kujiuliza ni kitu gani kitakachokaa ndani ya sanduku hilo. Swali huja mwisho, fedha zikiwa zimebaki chache, na jibu analopewa mara nyingi ni sponji: vipande vyeusi vyenye vilele kama vya piramidi, vinavyopendeza macho na vinavyouzwa ghali kuliko thamani ya kazi vinayofanya. Katika mwongozo huu nimeiweka sponji hiyo karibu na mwisho, na ni haki nieleze sababu kabla ya kutaja kilichoshika nafasi ya kwanza.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 344 kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 40, ambalo ndilo moyo wa kazi ya subwufa, lina urefu wa karibu mita 8.6. Nyenzo inayofyonza sauti hufanya kazi vizuri pale unene wake unapoikaribia robo ya wimbi, na robo ya wimbi hilo ni zaidi ya mita mbili. Sponji ya sentimita tatu iliyogandishwa ukutani hailigusi kabisa. Hata mwangwi wa ndani ya sanduku, ambao wengi wanadhani ndio wanaoupiga vita, hauko katika eneo hilo la sauti. Sanduku lenye upana wa ndani wa sentimita 50 huanza kuvuma kwa mwangwi wake wa kwanza karibu na hezi 344, ilhali subwufa nyingi huwekewa kikomo kwenye amplifaya kati ya hezi 80 na 120. Nyenzo ya kuzuia mwangwi ni ya lazima katika spika za sauti ya kati. Katika subwufa haina adui wa kupigana naye.

Faida ya kweli iko katika joto. Koni, yaani ule uso wa spika unaocheza, inaporudi nyuma huibana hewa ya sandukuni, na hewa iliyobanwa haraka hupata joto. Joto hilo huifanya isukume kwa nguvu zaidi, mithili ya springi iliyokazwa. Nyuzi nyembamba zikitawanywa ndani ya sanduku hulipokea joto hilo na kulirudisha hewa inapotanuka, hivyo springi inalegea na sanduku linatenda kazi kana kwamba ni kubwa kuliko vipimo vyake. Kinadharia ongezeko hilo haliwezi kuzidi asilimia 40, na kwa vitendo fundi hupata kati ya asilimia 10 na 25. Jambo hili si geni: Edgar Villchur wa Marekani alipoleta spika yake ya sanduku lililozibwa mwaka 1954, aliijaza pamba ya kioo.

Kwa sanduku lililozibwa kabisa, basi, chaguo langu la kwanza ni faiba ya poliesta, ile nyeupe inayojazwa kwenye mito ya kulalia na ya sofa. Hupatikana kwa watengenezaji wa sofa na wauzaji wa vifaa vyao, nayo haiozi, haiwashi ngozi wala haishambuliwi na nondo. Anayetaka kupunguza gharama anunue mto au duveti ya mitumba, lakini afungue mshono kidogo kabla ya kulipa, kwa kuwa mito mingine hujazwa vipande vya sponji au mabaki ya nguo. Nyuzi zinazofaa ni nyembamba, zimejikunja, na ukizifumbata mkononi kisha ukazifungulia hufutuka tena mara moja. Zile zilizobaki zimeshikamana kama bonge la ugali zimekwisha nguvu, ziache.

Kiasi kipimwe kwa mizani ya jikoni, si kwa macho. Gramu 8 hadi 16 kwa kila lita ya ujazo ndicho kiwango ninachokitegemea, maana yake sanduku la lita 60 lichukue kati ya gramu 480 na gramu 960. Anza na kiwango cha chini, zichambue nyuzi kwa vidole hadi zienee sawasawa, kisha ongeza gramu mia moja moja. Kuna namna ya kupima isiyohitaji sikio la mtaalamu: unganisha spika na amplifaya kupitia rezista ya omu 100 hivi, piga toni moja moja kutoka kwenye programu ya simu kwa sauti ya chini, na usome volteji kwenye ncha za spika kwa malitimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Toni inayotoa volteji ya juu kabisa ndiyo ya mtetemo wa asili wa mfumo. Utaona toni hiyo ikishuka kadiri unavyoongeza faiba, halafu itafika mahali itakoma kushuka. Hapo simama, kwa sababu kinachoongezwa baada ya hapo kinakula nafasi ya hewa na kuichosha besi bila malipo yoyote. Ikiwa sumaku ya spika ina tundu la kupumulia kwa nyuma, ifunike spika kwa kitambaa chepesi cha wavu ili nyuzi zisiingie kwenye koili, ule waya uliozungushwa ndani ya sumaku, tahadhari ambayo ina uzito zaidi ikiwa sanduku linaenda kwenye matatu, ambako mtikisiko wa barabara hauachi kitu kikae kilipowekwa.

Msomaji wa Nairobi ana jambo moja la ziada la kuzingatia, nalo ni mwinuko. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni takriban asilimia 82 ya lile la Mombasa. Ugumu wa hewa iliyofungiwa sandukuni hutegemea shinikizo hilo, kwa hiyo sanduku lilelile huku juu linatenda kazi kama sanduku lililo kubwa kwa karibu moja ya tano kuliko likiwa Pwani. Vipimo vinavyochapishwa na watengenezaji wa spika kwa kawaida huchukulia hewa ya usawa wa bahari. Ndiyo maana ninasisitiza kuanza na gramu chache: hewa ya Nairobi imekwisha kukupa sehemu ya faida ambayo mtu wa Mombasa analazimika kuinunua.

Sanduku lenye tundu la hewa, yaani bomba fupi linalotokeza nje, lina sheria tofauti, na hapa ninazungumza kwa uchungu. Sanduku langu la kwanza la aina hiyo, lenye spika ya inchi 12, nililijaza faiba hadi juu kwa ushauri niliopewa dukani, nikapoteza kabisa ule mvumo ambao bomba lilitengenezwa kuutoa. Nilitumia majuma mawili nikiilaumu amplifaya. Bomba hufanya kazi kwa sababu hewa ndani yake inaruka mbele na nyuma kwa uhuru ikisukumwa na hewa ya sandukuni, na nyuzi zinazojaa sanduku huigeuza nguvu hiyo kuwa msuguano. Kwa sanduku la namna hii usinunue kitu, au uweke tabaka moja jembamba la faiba au felti kwenye kuta tu, mbali na mdomo wa bomba kwa angalau sentimita 10.

Nafasi ya pili naipa sufu ya kondoo yenye nyuzi ndefu. Mwaka 1965 Mwingereza Arthur Bailey aliitumia katika sanduku lake la njia ndefu ya sauti, ambamo sauti ya nyuma ya spika hupitishwa kwenye mfereji mrefu, na mafundi wa mtindo huo wanaienzi hadi leo. Hata hivyo lazima iwe imeoshwa na kutiwa dawa ya nondo, na kwa subwufa ya kawaida haikupi kitu ambacho faiba haikupi. Isichanganywe na sufi, ile ya mti wa msufi inayojazwa kwenye mito ya Pwani: sufi ni nyepesi mno na hushika moto upesi, na kwa muda hujikusanya chini ya sanduku, kasoro ambayo pamba ya kawaida inayo pia.

Pamba ya kioo ingeshika nafasi ya kwanza kama tungepima kwa sauti peke yake, kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba sana. Naishusha hadi ya tatu kwa ajili ya afya. Huwasha ngozi, macho na koo, na katika sanduku lenye tundu upepo wa bomba unaweza kuzipuliza nyuzi zake hadi sebuleni wanakocheza watoto. Atakayeitumia avae glavu, miwani na barakoa, aifunge ndani ya kitambaa chepesi, na aiweke katika sanduku lililozibwa tu.

Sponji inafuata. Ile ya seli wazi, ambayo ukiweka mdomo unaweza kupuliza hewa ipite, ina faida ndogo. Ile ngumu isiyopitisha hewa haina faida yoyote zaidi ya kupunguza ujazo. Baada ya miaka kadhaa huanza kumong'onyoka, vumbi lake likaingia kwenye koili, tena ikishika moto hutoa moshi wa sumu. Trei za mayai na mabaki ya zulia zisiingie sandukuni hata zikitolewa bure.

Karatasi za lami zinazobandikwa ndani ya milango ya magari, zinazopatikana kwa mafundi wa Kirinyaga Road, siziweki kwenye daraja hili kwa sababu kazi yake ni nyingine: huongeza uzito wa ukuta na kutuliza mtetemo wake. Zinafaa kwa sanduku la mbao nyembamba lililokwisha kutengenezwa. Kwa sanduku jipya, kipande cha plaiwudi ya milimita 18 kinachounganisha kuta mbili zinazotazamana hukaza zaidi na hugharimu kidogo.

Kabla ya kununua chochote kwa ajili ya sanduku lililozibwa, ibonyeze koni taratibu kwa vidole vilivyotawanyika, kisha uiachie. Ikirudi polepole, sanduku limeshika hewa. Ikirudi papo hapo kana kwamba haina kitu nyuma yake, kuna upenyo kwenye kiungo au pale waya zinapopita, na mrija mmoja wa gundi ya silikoni utakufaa kuliko kilo nzima ya faiba.