Bima ya Mbwa: Nimesoma Mkataba Wote, Nikasoma na Faili la Mbwa

Mtwara kuchele! Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo mezani sina simu, sina spika, sina jiko la gesi. Nina karatasi. Huu hapa mkataba wa bima ya mbwa, kurasa ishirini na mbili, na hii hapa barua ya kukataa kulipa, ukurasa mmoja. Najua kuna watu washaanza kucheka huko. "Bima ya mbwa? Sisi wenyewe tunaumwa tunajikongoja!" Haya, chekeni mmalize. Na huo mvumo mnaousikia ni kusi, hapa Shangani leo imeamka na yake, mtanivumilia.

Nina dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, tumekua wote Masasi, sasa hivi anaishi Marekani. Ana mbwa, German Shepherd, anaitwa Simba. Ndiyo, mbwa anaitwa Simba, tusigombane kwa hilo. Simba alikuwa anakimbiza mpira, goti la kulia likakatika ligamenti, ile kano inayoshika mifupa ya goti. Upasuaji dola 5,200. Dada hakuwa na wasiwasi, maana ada ya bima amelipa kila mwezi, miaka miwili hajaruka hata mmoja. Akatuma risiti. Majibu yakaja: hatulipi, huu ni ugonjwa uliokuwepo kabla ya bima. Akanipigia usiku wa manane wa huku, analia. "Mdogo wangu, wewe si unachambua vitu vya watu? Nichambulie na hiki." Nikamwambia nitumie kila kitu, mkataba na faili zima la mbwa. Nimekaa nalo wiki mbili.

Bidhaa yenyewe kwanza, nipite haraka. Kule unamlipa daktari kutoka mfukoni mwako, halafu unadai. Kampuni inakurudishia sehemu, kwa kawaida asilimia 70, 80 au 90, baada ya kutoa kile kiasi ambacho wewe mwenyewe lazima uchangie kwanza. Ada inategemea umri wa mnyama, aina yake na unakoishi. Na si kitu cha jana: Sweden walimkatia bima mbwa wa kwanza mwaka 1924.

Sasa tuje kwenye dai, hapo ndipo nilipokaa.

Mimi nilidhani dai la mbwa linakaguliwa kama la gari. Gari likigongwa anakuja mtathmini, anapiga picha bamba lililobonyea, anaandika. Kumbe kwa mbwa hakuna anayekuja. Hakuna mtu wa kampuni aliyemwona Simba, wala hatamwona. Wanachokagua ni maandishi. Mtathmini, na wengi wao waliwahi kufanya kazi kwenye hospitali za wanyama, anaomba kumbukumbu za kila kliniki aliyowahi kufika mbwa huyo, kampuni nyingine zinataka tangu alipokuwa mtoto. Anakaa, anasoma mstari kwa mstari. Anatafuta tarehe mbili tu. Ya kwanza, siku bima ilipoanza kufanya kazi. Ya pili, siku dalili ya kwanza ilipoandikwa. Ya pili ikitangulia ya kwanza, kwisha habari yako.

Na sikilizeni vizuri, nimesema dalili. Sikusema ugonjwa. Hapa dada yangu ndipo alipoteleza, na ningeteleza hata mimi. Yeye anasema, "Simba hajawahi kuambiwa ana tatizo la goti." Kweli, hajawahi. Lakini mwaka 2022 wasimamizi wa bima wa majimbo ya Marekani walipitisha sheria ya mfano kwa bima za wanyama, kila jimbo likitaka linaichukua, na humo wameeleza maana ya ugonjwa uliokuwepo kabla. Milango ni mitatu. Daktari alishatoa ushauri juu ya hali hiyo. Au mnyama alishatibiwa hali hiyo. Au kuna chanzo cha kuaminika kinachoonyesha mnyama alikuwa na dalili zinazohusiana moja kwa moja na hicho unachodai leo. Mlango mmoja ukifunguka unatosha. Ushauri tu! Daktari akisema "mpumzishe siku tano", huo ni ushauri, una tarehe, umo kwenye faili.

Kuna na muda wa kusubiri. Ukikata bima leo haianzi kazi leo. Kwa magonjwa kampuni nyingi wanaweka siku 14. Kwa magoti na nyonga wapo wanaofika mpaka miezi sita, ingawa ile sheria ya mfano inasema isizidi siku 30. Mbwa akionyesha dalili ndani ya siku hizo za kusubiri, inahesabika ilikuwepo kabla. Umeshalipa ada, lakini ilikuwepo kabla. Mimi hapo niliziweka karatasi chini nikaenda kununua pweza.

Haya, faili la Simba. Miezi minane kabla ya bima kuna ziara moja ya kliniki. Daktari ameandika maneno machache, nayatia Kiswahili: "Mwenye mbwa anasema anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto, mara moja moja. Apumzishwe siku tano." Basi. Hakuna picha ya eksirei, hakuna dawa, hakuna neno goti. Maneno matatu hayo, mara moja moja, ndiyo yamebeba dola 5,200.

Utaniuliza, lakini si ulisema goti lililokatika ni la kulia? Hapo sasa! Ukurasa wa 14, herufi ndogo kama mchwa, kuna kifungu cha viungo vya pande mbili. Kinasema kama mnyama alikuwa na tatizo la kiungo upande mmoja kabla ya bima, upande wa pili nao tunauhesabu vilevile. Na niwe mkweli, hawakukitunga kwa ubaya tu. Madaktari wa wanyama wanajua mbwa aliyekatika ligamenti ya goti moja ana uwezekano mkubwa wa kukatika na la pili. Kitabibu kina mantiki. Ninachokilaumu ni tangazo lao: mbwa anaruka juu ya majani, muziki mtamu, na kifungu hiki kimefichwa ukurasa wa 14.

Ila si kila kilichotangulia kinakufunga maisha. Kampuni nyingi zinatenganisha ugonjwa unaopona na usiopona. Mbwa aliyeharisha, au masikio yaliyouma, akikaa muda bila dalili wala dawa, kuna wanaotaka siku 180, kuna wanaotaka mwaka mzima, linafutika na unaanza upya. Kisukari, mzio, nyonga, hivyo havifutiki. Na hayo magoti wengi wameyatoa kwenye msamaha huo kwa jina kabisa.

Kwa ndugu zetu mlioko Uingereza, ninyi mtego wenu ni mwingine. Kule kuna bima za mwaka mmoja na kuna za maisha. Ya mwaka mmoja ada yake ni ndogo, lakini ugonjwa aliougua paka wako Machi mwaka huu unalipiwa mpaka muda wake uishe, halafu mwaka unaofuata unahesabika ni ugonjwa wa zamani. Ukihama kampuni kufuata ada ndogo, vilevile, unafika kwa wageni na magonjwa yako yote mgongoni.

Sasa niwaambie nilichokiona kwenye faili mimi, ambacho mtathmini hakukiona, au alikiona akanyamaza. Siku ileile ya "mara moja moja" kuna risiti. Dada aliituma kwa bahati, imechanganyika na risiti za chakula. Mstari wa tatu umeandikwa: kutoa kipande cha kioo kwenye unyayo. Unyayo wa nyuma, kushoto! Mbwa alikanyaga chupa, jamani. Atakosaje kuchechemea? Daktari kioo kakitoa, kakitoza hela, lakini kwenye maelezo ya ugonjwa hakukiandika. Na ile sheria ya mfano inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba hali ilikuwepo kabla ni wa kampuni, si wa mwenye mbwa. Kwa hiyo kama jimbo lako limeichukua sheria hiyo, kampuni ndiyo inatakiwa ionyeshe kwamba kuchechemea kule kulitoka gotini.

Hukumu yangu kwa bidhaa hii? Kwa mbwa wa miezi mitatu ambaye faili lake ni jeupe, ningenunua. Kwa mbwa wa miaka sita aliyezunguka kliniki nne, ada hiyo ningeiweka kwenye akiba. Na kabla ya kulipa hata senti ningeomba kampuni ipitie faili lote na kuniandikia mapema wanachokikataa. Zipo zinazofanya hivyo ukiomba, watu hawaombi.

Mmoja ameniandikia, "Sasa sisi wa huku inatuhusu nini?" Swali zuri. Mjomba wangu yuko Newala, ana ng'ombe wa maziwa wawili. Daktari wa mifugo anakuja na pikipiki, anachoma sindano, anapewa hela yake, anaondoka na vumbi. Ng'ombe alichomwa nini? Kwa ugonjwa gani? Lini? Mjomba anakwambia, "ile ya chupa ya kahawia". Na huku bima ya mifugo ipo, tena mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliungana kwenye umoja wa bima ya kilimo. Bima za namna hii kwa kawaida zinataka daktari amkague mnyama kabla hajaingia, awe na alama ya kumtambua kama hereni, na akifa utoe taarifa haraka, daktari aandike kilichomuua. Wa Marekani wamekwama kwa sababu faili lao lina maneno mengi. Mjomba atakwama kwa sababu hana faili. Nimemnunulia daftari la kaunta. Amelipokea, akaandika humo deni la pumba.

Mbwa wangu mimi, yule wa kulinda ghala la korosho, ana karatasi moja tu duniani, kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ina tarehe na muhuri. Nimeitia kwenye nailoni.

Dada, najua unaangalia. Risiti ile nimekuzungushia kwa kalamu nyekundu na kukurudishia kwa wasap. Nenda kliniki, mwombe daktari yuleyule akuandikie barua, aseme siku ile alitibu unyayo, na kama goti alilishika akaliona zima, aseme na hilo. Asiandike kitu ambacho hakukifanya, watalinganisha na faili. Iambatanishe na risiti, taja ukurasa wa 14 kwa namba, utume kwa maandishi, usipige simu. Barua yao inasema rufaa mwisho siku 60, umebakiwa na tisa. Wakikataa tena, ofisi ya msimamizi wa bima ya jimbo lako inapokea malalamiko. Na Simba mpe pole, usimruhusu kupanda ngazi.