Msaada wa intaneti baada ya kuhamia Windows 11: nyota moja, na hiyo moja naifikiria

Amri yenyewe hii hapa, muitambue mkikutana nayo: netsh int tcp set global autotuninglevel=disabled. Mhudumu aliyeingia kwenye kompyuta yangu kwa mbali aliibandika kwenye dirisha jeusi, akabonyeza Enter, akafungua tovuti ya kupima kasi, akanionyesha namba nono, akaandika "tatizo limetatuliwa, mpendwa mteja" na kufunga tiketi. Nilipomjibu kwamba faili sasa zinashuka polepole kuliko hata kabla hajaingia, jibu likawa: "Upande wetu kila kitu kiko sawa. Jaribu kuongeza kifurushi."

Kifurushi! Mtu ametoka kubadilisha mpangilio wa TCP (kanuni ambazo kompyuta na seva hufuata kupelekeana data) sasa hivi, halafu kosa ni la kifurushi.

Huduma ninayoizungumzia ni ile inayouzwa pamoja na kazi ya kupandisha kompyuta ya nyumbani kutoka Windows 10 kwenda 11, ukaongezewa msaada wa mbali kwa muda baada ya hapo. Jina silitaji. Wazo lenyewe silikatai: Windows 10 ya kawaida iliacha kupewa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamehama kwa kulazimika, na intaneti kuzorota baada ya kuhama ni jambo la kawaida kabisa. Ndiyo maana inauma zaidi. Hili ndilo tatizo ambalo huduma kama hii ingepaswa kulijua hata usingizini.

Tuanze na alichokiharibu. Kompyuta inapopakua kitu kwa TCP, huiambia seva inaweza kupokea data kiasi gani kabla seva haijasimama kungoja uthibitisho. Kiasi hicho ndicho dirisha la kupokea. Nafasi iliyotengwa kwenye TCP kuandika ukubwa wa dirisha ni biti 16, kwa hiyo mwisho wake ni baiti 65,535. Mwaka 1981 hiyo ilikuwa nyingi. RFC 1323, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1992, ikaweka njia ya kuizidisha namba hiyo, na tangu Windows Vista mfumo wenyewe hulikuza dirisha kulingana na umbali wa seva na uwezo wa njia. Ukiandika disabled unairudisha kompyuta kwenye kilobaiti 64, iwe una laini ya megabiti 20 au 500. Ni kumtuma mtu kisimani na kikombe: hata akikimbia vipi, umbali wa kisima ndio utakaoamua utapata maji kiasi gani.

Hesabu yake haina siri. Chukua ukubwa wa dirisha, gawanya kwa muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Seva iliyo umbali wa milisekunde 10 itakupa takriban megabiti 52 kwa sekunde kwa kila muunganisho. Ya milisekunde 100 itakupa megabiti 5.2. Ya milisekunde 200, yaani bara jingine, megabiti 2.6, na faili la gigabaiti 1 litachukua kama dakika 51. Hapo hakuna kifurushi kitakachokuokoa. Nunua laini mara 10 ya hiyo, utabaki na 2.6 yako.

Na namba nono aliyonionyesha? Tovuti za kupima kasi huchagua seva ya karibu, na kwa kawaida hufungua miunganisho kadhaa kwa pamoja. Miunganisho 6 kwenye seva ya milisekunde 10 inajumlisha zaidi ya megabiti 300 hata dirisha likiwa limebanwa. Kipimo kinang'aa, upakuaji wa kweli unakufa. Video nazo huenda zisilalamike, kwa sababu nyingi kwenye kivinjari huja kwa QUIC, njia nyingine ya kusafirisha data inayopita juu ya UDP badala ya TCP, na mpangilio huu hauigusi. Kupakia faili pia hakuguswi, maana dirisha la kupokea ni la upande unaopokea. Kwa hiyo mteja anaona video inacheza, kipimo kinapendeza, anashukuru na kutoa nyota tano. Wiki inayofuata anajiuliza kwa nini sasisho la mchezo limekwama.

Kuangalia ni sekunde chache. Fungua cmd, yaani lile dirisha jeusi la amri, andika netsh int tcp show global, tafuta mstari wa Receive Window Auto-Tuning Level. Neno linalotakiwa mbele yake ni normal. Ukikuta disabled, restricted au highlyrestricted, fungua cmd kama msimamizi na uandike netsh int tcp set global autotuninglevel=normal. Kisha simamisha upakuaji na uuanze upya, kwa sababu kuzidisha dirisha hukubaliwa wakati muunganisho unafunguliwa. Ule uliokwisha kufunguka utabaki na masharti yake ya mwanzo. Kuzima na kuwasha kompyuta hakurudishi kitu, mpangilio huu hukaa mpaka ubadilishwe.

Ushauri wa kuzima una historia, sikatai. Vista ilipotoka, baadhi ya ruta na vifaa vya ulinzi wa mtandao vya wakati huo havikuelewa dirisha lililozidishwa, miunganisho ikawa inakwama, na kuzima ikawa dawa. Dawa ya karibu miaka 20 iliyopita. Bado inanakiliwa, na programu za "kuharakisha kompyuta" bado zinaimeza na kuitema. Ikiwa uliwahi kuweka programu ya namna hiyo kwenye mfumo wa zamani, angalia mstari huo hata kama hakuna mhudumu aliyekugusa.

Sasa haki itendeke. Kabla ya bwana huyu wa pili alinihudumia mwingine, na yule alijua kazi. Hakukimbilia kipimo cha kasi. Kwanza aliomba ping -n 50, amri inayopima muda wa jibu kurudi, kuelekea ruta yenyewe, tuseme 192.168.1.1. Ndiyo njia. Ruta iko chumba cha pili. Ikiwa majibu yanaruka kutoka milisekunde 2 hadi 300, au mengine hayarudi kabisa, ugonjwa uko kati ya kompyuta na ruta, na mtoa intaneti hana lake. Halafu netsh wlan show interfaces. Humo kuna mistari mitatu ya kusoma: aina ya redio, chaneli, na kasi ya kupokea. Ilikuwa 802.11n, chaneli ya 6, megabiti 72. Hiyo ni bendi ya gigahezi 2.4, mkondo mmoja, chaneli nyembamba ya megahezi 20, na mkononi utapata kama nusu ya hizo 72. Kadi hiyohiyo, ruta hiyohiyo, kwenye gigahezi 5 ilipaswa kusoma 802.11ac, chaneli kuanzia 36 kwenda juu, na 433 au 866.

Sababu ni ya kawaida: wakati wa kupandisha, Windows iliondoa draiva (programu inayoendesha kadi) ya mtengenezaji wa kadi na kuweka ya kwake ya jumla, na mpangilio wa bendi inayopendelewa ukafutika. Tiba iko devmgmt.msc, yaani Device Manager, kwenye kadi ya mtandao, sehemu ya Driver. Kitufe cha Roll Back mara nyingi huwa cha kijivu baada ya kuhama mfumo, kwa hiyo usikitegemee. Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu au wa kadi, iweke, kisha sehemu ya Advanced chagua bendi ya gigahezi 5 kama inayopendelewa. Na sehemu ya Power Management toa alama inayoruhusu kompyuta kuzima kadi ili kuokoa umeme. Baadhi ya laptopu mpya hazina sehemu hiyo kabisa, usihangaike kuitafuta. Kabla ya kuhama, piga picha namba ya toleo la draiva. Itakuokoa sana.

Kwa kazi hiyo ningetoa nyota nne bila kusita. Hata tatu na nusu, kwa kuwa hakusema neno juu ya kitu kilichobaki.

Na kilichobaki ndicho yule wa pili alipaswa kukiona. Baada ya kuhama, kompyuta haitulii: sasisho, draiva, programu za duka, na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, ikiwa imewashiwa kuhifadhi folda zako. Bonyeza Windows na R, andika resmon, nenda Network, panga kwa safu ya jumla. Mlaji anajitokeza juu mwenyewe. Ukiona svchost.exe, hiyo ni nyumba ya huduma nyingi, haitoshi kuilaumu. Nenda kwenye mipangilio ya Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, ufungue Activity monitor uone imevuta kiasi gani na imetuma kiasi gani. Hapohapo unaweza kuiwekea kikomo, na kuizuia isigawie masasisho kompyuta za watu wengine kwenye intaneti.

OneDrive ni mjanja zaidi, kwa sababu yeye hubana njia ya kupanda (ya kupakia) na watu huangalia ya kushuka (ya kupakua). Njia ya kupanda ikijaa, hata zile pakiti ndogo za kuthibitisha kwamba data imefika hukaa foleni, na kila kitu kinachoshuka kinangoja. Acha ping -t 1.1.1.1 ikikimbia, halafu sitisha OneDrive kwa saa 2 kutoka kwenye ikoni yake. Namba zikishuka papo hapo kutoka mamia hadi makumi, mwizi umemshika. Weka kikomo cha kupakia kwenye mipangilio yake, au itie alama Wi-Fi yako kuwa ya kupimwa (metered) hadi vurugu za siku za mwanzo zipite. Alama hiyo huwekwa kwa kila mtandao peke yake. Ukibadilisha jina la Wi-Fi, unaanza upya.

Kitu kingine anachopaswa kukijua mtu anayelipwa: mabaki ya antivairasi ya zamani. Programu imeondoka lakini kichujio chake bado kimekaa kwenye kadi. Andika ncpa.cpl, bofya kadi kwa kulia, Properties, soma orodha. Jina la programu uliyoifuta likiwemo na alama ya tiki, toa tiki ujaribu tena. Na ikiwa kurasa zinachelewa kuanza kufunguka lakini zikianza zinakwenda kasi, hiyo ni DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, badilisha seva ya DNS uendelee na maisha. Kurudisha mtandao wote upya iwe ya mwisho, maana VPN na swichi pepe zako itabidi uziweke tena.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi alichofungua. Resmon ingemchukua muda mfupi kuliko kuandika "mpendwa mteja".

Pia hakuniambia, wala huduma nzima haikuniambia popote, kwamba muda wa kurudi kwenye mfumo wa zamani ni siku 10. Baada ya hapo folda ya Windows.old inafutwa na njia imefungwa. Ukiwa bado ndani ya siku hizo unaweza kuongeza: cmd kama msimamizi, DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60. Kurudi Windows 10 sikushauri kwa sasa, lakini kujua kwamba mlango uko wazi ni haki ya mteja.

Nilianza kuandika nikiwa na nyota moja. Nilipofika kwa yule wa kwanza nikaona mbili ni haki, kwa kuwa bila yeye ningebaki kwenye 72. Kisha nikasoma upya yale mazungumzo, nikaona amri ile ilibandikwa pamoja na maelezo yaliyopangwa vizuri, na alama ya tabasamu mwishoni. Hilo ni jibu lililoandaliwa. Linatumwa kwa kila anayelalamika. Maana yake wako wengine wenye kilobaiti 64 na hawajui, wanaongeza vifurushi. Nyota mbili nazirudisha. Moja inabaki kwa sababu fomu hairuhusu sifuri.

Ukilazimika kuwatumia, muombe anayehudumia aandike kwenye mazungumzo kila amri kabla ya kuibandika. Na kabla hajatoka, afungue netsh int tcp show global mbele ya macho yako. Ukiona kwenye mstari wa Auto-Tuning neno lolote lisilokuwa normal, usibofye kuthibitisha kwamba kazi imeisha. Wakishapata ule uthibitisho hawapokei tena malalamiko ya tatizo hilohilo, utaambiwa ufungue tiketi mpya na kulipia upya.