Tovuti ya data za matetemeko ilivyonilia bando

Nimekasirika na sifichi. Kama uko huku kwetu, bando lako ni la kuunga siku hadi siku, na umesikia habari ya tovuti ile ya kimataifa yenye data za matetemeko yanayosababishwa na shughuli za binadamu, jiandae kuteseka.

Nasoma jiolojia hapa Dodoma na tasnifu yangu inahusu mabwawa. Ninachotaka kujua ni bwawa la Mtera: maji yakijaa, huko chini ardhi inafanya nini? Ziwa Kariba, ambalo nalo ni la bwawa, lilipojaa mwaka 1963, palipigwa tetemeko la ukubwa unaozidi 6. Kule kwenye bwawa la Koyna, India, Desemba 1967, tetemeko lilifika 6.3 na kuua watu wapatao 180. Uzito wa maji unakandamiza miamba, halafu maji yenyewe yanapenya kwenye nyufa na kupunguza ule msuguano unaozuia pande mbili za ufa zisiteleze. Na sisi tumekaa juu ya Bonde la Ufa, na ufa wa Hombolo uko hapo jirani. Nani aniambie haya hayanihusu?

Basi nikajisajili. Kujisajili hakuna shida, balaa liko kwenye kupakua. Unachagua bwawa, unaweka miaka, unaweka ukubwa wa matetemeko, unachora mraba wa eneo lako kwenye ramani. Unabonyeza. Faili linaandaliwa, linaandaliwa, linaanza kushuka, limefika nusu, mara ukurasa unakurudisha mlangoni: muda wako umekwisha, ingia tena. Ukiingia hukuti kitu. Miaka imefutika, ukubwa umefutika, mraba haupo. Na ile nusu iliyokwisha kushuka haihesabiwi, unaanzia sifuri, ilhali bando limeshaliwa. Kijana wa steshenari ya Makole, ninakokimbilia umeme ukikatika mtaani kwetu, alinitazama nikirudia hivyo hadi akashindwa kunyamaza: "Dada, hao wanakuibia." Nilikosa la kumjibu.

Nikawaandikia wahusika wa msaada. Nilieleza kwa adabu, hatua kwa hatua, na picha za skrini nikaambatisha. Jibu lilichukua siku kadhaa, likaja mstari mmoja: tumia intaneti yenye kasi zaidi. Salamu hakuna, pole hakuna, hata kuuliza niko wapi hawakuuliza. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bando. Sikuomba upendeleo. Niliomba mtu aweze kuchukua orodha ya matetemeko peke yake, bila rekodi za mawimbi, yaani michoro ya jinsi ardhi ilivyotikisika. Kinacholifanya faili liwe zito ni mawimbi. Orodha ni mistari ya maandishi tu: tarehe, saa, latitudo, longitudo, kina, ukubwa. Hata simu ya bei ndogo ingeishusha. Ni kazi gani hiyo kwa watu waliojenga tovuti nzima?

Nikaapa sirudi tena. Nikarudi, usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi, na safari hii likashuka lote: bwawa la Song Tranh 2, Vietnam. Hapo lazima niseme kweli. Ndani ya faili mmekaa matetemeko na kina cha maji bwawani, vyote kwa tarehe zilezile, tayari kulinganishwa. Nikavichora kwenye grafu moja, mstari wa maji juu, vidoti vya matetemeko chini. Bwawa lilianza kujazwa mwishoni mwa 2010, na mwaka 2012 likaja tetemeko la 4.7. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye makala, lakini kuyachora mwenyewe ni jambo jingine kabisa, sikulala. Kwingine utapata matetemeko, ila vipimo vya maji utavisikia viko kwenye makabati ya kampuni za umeme. Asubuhi nikamwambia msimamizi wangu tovuti hii ni hazina, kila mwanafunzi wa mabwawa aijue.

Jioni yake nikajaribu bwawa la pili. Nusu, mlangoni, sifuri.

Sasa niseme nini? Data ningezipa nyota tano bila kusita. Tovuti ilistahili moja. Nimeweka mbili, na hata hiyo ya pili naitoa kwa shingo upande, kwa sababu wanaozihitaji zaidi data hizi ni sisi ambao mabwawa yanajengwa kwetu. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lilianza kujazwa Desemba 2022. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha na yaliyotokea kwingine asiambiwe akatafute kasi.

Mkijaribu, ingieni usiku, na vipimo vyenu vyote viandikeni kwenye daftari kabla ya kubonyeza chochote. Mimi nimewaandikia tena, naomba orodha peke yake ya hilo bwawa la pili. Wakinitumia nitarudi hapa kuongeza nyota. Wasiponitumia, zinabaki mbili.